Tobo la Kumi na Saba

Kila asubuhi kompyuta ilinidai.
Nikiiwasha tu, kidirisha chekundu:
muda wako umekwisha, lipa.
Nikikifunga, kinarudi,
kama yule mwenye duka wa Bopwe, ukimkopa kilo ya unga
anakuamkia kwa sauti kubwa mbele za watu.

Programu alinitilia Nassib, fundi wa Jadida,
kwa elfu kumi na tano. Ya kuiba, nilikuja kujua baadaye.
Akifungua kufuli hili, mwezi wa pili linajifunga jengine,
na kila kufuli elfu kumi na tano.

Mimi nashona kofia. Wete wananijua.
Nilitaka mashine inichoree miraba,
nipange viua vyangu kabla sijatoboa kitambaa,
maana macho haya hayanitii tena baada ya alasiri,
na kitambaa ukikitoboa pasipo pake, hakisamehe.

Akaja Raya, mtoto wa kaka yangu, likizo kutoka chuo Tunguu,
kaifunga flashi kwenye pindo la mtandio
kama mtu aliyebeba pesa za mchezo.
"Shangazi, futa hii. Ntakupa ya halali, tena bure."
"Mwanangu, cha bure kina mwenyewe,
na mwenyewe yuko mlangoni anasubiri ushibe."
Akacheka. "Huyu hana mlango."

Saa mbili nzima, na tukuza imebaki yuniti tatu.
Niliutazama ule mstari wa kijani unavyojaa
kama mtu anayechunga maziwa jikoni.
Ya kuandikia: nikamwandikia sheha habari ya maji.
Ya hesabu: nikagundua kofia za harusi za Mchangamdogo
nimeziuza kwa hasara miaka mitatu.
Halafu ya kuchorea.
Miraba, miraba mpaka ukingo wa kioo,
midogo, myeupe, kama bafta iliyotiwa wanga.

"Nani kaifanya?"
Raya akafungua ukurasa wa majina. Majina hayaishi.
Mengine siwezi kuyatamka.
Mtu wa nchi ya theluji, hajui Pemba, hajui kofia,
katoa usiku wake akarekebisha kitufe kimoja
ili mimi nisibonyeze mara mbili.
"Na wanakula nini?"
Raya hakuwa na jibu zuri.
Wengine wana kazi zao, alisema, wengine wanachangiwa.
Sikuridhika, lakini nilinyamaza.

Sasa hapa ndipo penye kunichoma.
Marehemu mama aliniachia kiua kisicho na jina,
matobo kumi na saba, nyumbani tukikiita "cha mama".
Mwanamke wa Limbani alimletea kuku wawili
apate kukiona kwa ndani.
Mama akapokea kuku, akapika mchuzi, wakala wote,
kofia ikabaki sandukuni.
Na mimi hivyo hivyo: nilikishona mlango umefungwa.

Wiki ile nilikihesabu upya, tobo kwa tobo,
nikakitia kwenye miraba.
Siku nne, mbili umeme haukuwapo.
Nilipomaliza, mashine ikaniuliza kwa adabu:
faili hili liitwe nani?
Nikaandika kwa kidole kimoja,
Mwanakheri binti Shaame.
Herufi zake sikuwahi kuziona
ila kwenye cheti cha kifo.

"Ukitaka, shangazi, nawapelekea na wengine."
Mkono wangu juu ya kipanya.
Nikawaza wale kuku.
Nikawaza yule wa theluji na kitufe chake.
"Wapelekee."

Ukikiona Chake au Mkoani
juu ya kichwa cha mtu usiyemjua, hesabu:
matobo kumi na sita.
La kumi na saba sikulitia.
Ningesema nimesahau, lakini kwa nini nidanganye,
ni choyo kidogo.
Anayelitaka aje nyumbani, kabla ya alasiri.
Kuku si lazima.